Kompyuta ya kuzamia inapolia: maana ya kila alama, na mambo ambayo haiyajui

Mashua ikizama ziwani, kuna ulizo moja ambalo watu wanaulizaka kwenye bandari: "Wazamiaji wako wapi? Juu ya nini hawashuki?" Ni ulizo la haki, zaidi kiisha ajali kama ile ya tarehe 3 Oktoba 2024, wakati mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakakufa. Lakini jibu haliko katika uhodari wa mzamiaji tu. Liko pia katika kifaa kidogo anachofunga kwenye mkono, kinachofanana na saa, ambacho kinahesabu dakika zake na kulia wakati anakaribia kujiua.

Makala hii inaeleza kifaa hicho: kinafanya nini, kila mlio una maana gani, na kwa sababu gani mtu anayezamia katika maziwa ya mashariki ya Kongo, kiisha anarudi Lubumbashi kwa avio ao kwa barabara, anapaswa kukisikiliza kuliko yule anayezamia Mombasa ao Zanzibar.

Kifaa chenyewe

Kompyuta ya kuzamia ina vitu viwili vya lazima ndani yake: kipimo cha presio na saa. Kwa kusoma presio inajua mzamiaji yuko kwenye kina gani, na kwa saa inajua amekaa pale dakika ngapi. Kwa hesabu hizo mbili inakadiria ni gazi kiasi gani imeingia mwilini mwake, na inamwambia kama bado anaweza kupanda moja kwa moja ao hapana.

Kazi hiyo ilifanywa zamani kwa karatasi. Mwaka wa 1908, mwanasayansi John Scott Haldane na wenzake wa Uingereza walitangaza jedwali za kwanza zilizoaminika za kupanda kutoka majini, baada ya majaribio mingi juu ya mbuzi. Mwaka wa 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa cha kuvuta hewa kutoka kwenye chupa, na kuzamia kukatoka mikononi mwa jeshi na makampuni peke yake. Kiisha Albert Bühlmann, munganga wa Zürich, Uswisi, alitengeneza hesabu zinazofaa hata kwa maziwa ya milimani, na kompyuta mingi za leo zinatumia hesabu zake. Kompyuta ya kwanza iliyouzwa kwa wingi, Orca Edge, ilitoka mwaka wa 1983.

Ni nini inatokea mwilini

Hewa tunayovuta ina karibu 21% ya oksijeni na 78% ya azoti, ile inayoitwa pia naitrojeni. Juu ya nchi kavu azoti haitusumbui. Lakini kila metre 10 za maji zinaongeza bari moja ya presio. Baharini, kwenye metre 10 presio ni bari 2, kwenye metre 20 ni bari 3, kwenye metre 30 ni bari 4. Kadiri presio inavyopanda, azoti inasukumwa ndani ya damu na nyama ya mwili, na kadiri mtu anavyokaa, inazidi kuingia.

Shida iko kwenye kupanda. Kila mtu aliyefungua chupa ya Simba iliyotikiswa anajua: ukifungua polepole gazi inatoka kidogo kidogo, ukifungua kwa nguvu pombe yote inakuwa povu. Mwili wa mzamiaji uko vile vile. Akipanda polepole, azoti inatoka kwa mapafu. Akipanda mbio, inafanya povu ndani ya damu, katika viungo, na mbaya zaidi katika uti wa mgongo. Ndio ugonjwa wa wazamiaji. Mtu anaweza kutoka majini akicheka, na baada ya saa moja miguu inakataa kutembea.

Wakamataji wa samaki wa mapambo katika ziwa Tanganyika wanajua jambo hilo hata kwa samaki. Samaki aliyeshikwa kwenye kina hapandishwi mara moja. Wanamweka katika kitunga na kukivuta juu kwa hatua, kwa sababu mfuko wa hewa ndani yake unavimba.

Alama moja moja

Kila kampuni ina milio yake na rangi zake, na kitabu cha kifaa ndicho kinasema mwisho. Lakini alama kubwa zinafanana.

Mbio ya kupanda. Huu ndio mlio unaosikika mara mingi. Kompyuta mingi zinataka mzamiaji asipite metre 9 ao 10 kwa dakika moja. Akizidisha, inalia na kioo kinaonyesha neno la kupunguza mwendo. La kufanya: kusimama pale pale, kutoa hewa, kungoja mlio ukatike, kiisha kuendelea polepole. Hatari ni kubwa zaidi karibu na uso wa maji. Kutoka metre 10 mpaka juu, hewa iliyo katika mapafu inapanuka mara mbili. Mtu anayefunga pumzi na kupanda anaweza kupasua mapafu hata kama alikaa chini dakika chache tu. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya kuzamia ni kutofunga pumzi kamwe.

Dakika zilizobaki. Kioo kinaonyesha dakika ambazo mzamiaji anaweza kukaa kwenye kina kile na bado apande bila kusimama njiani. Jedwali za zamani za jeshi la majini la Marekani zilitoa dakika 60 kwa metre 18, na dakika 25 tu kwa metre 30. Kompyuta inahesabu upya kila mara mtu anaposhuka ao kupanda. Mlio unapokuja na kuonyesha dakika chache, maana yake ni "anza kupanda", si "maliza kwanza kazi".

Kusimama kwa lazima. Dakika zile zikifika zero, kompyuta inaweka dari isiyoonekana: kina ambacho mzamiaji hana ruhusa ya kukipita mpaka amalize dakika zilizoandikwa. Akiipita, mlio unakuja kwa nguvu. La kufanya ni kurudi chini mara moja mpaka kwenye kina kilichoonyeshwa na kumaliza muda. Lakini kama amekwisha kutoka majini, asirudi ndani kujaribu kurekebisha. Akae, apewe oksijeni, aangaliwe. Hata pale hakuna dari, wazamiaji wanasimamaka dakika 3 mpaka 5 kwenye metre 5, kwa usalama.

Kina na oksijeni. Mzamiaji anaweza kuweka kina cha mwisho, kwa mfano metre 30, na kifaa kinalia akipita. Kupita metre 30 hivi, azoti inaanza kulevya kama pombe: mtu anacheka bila sababu, anasahau kuangalia hewa yake. Oksijeni nayo inakuwa sumu ikipita kiasi. Kompyuta zinazopima jambo hilo zinalia mara mingi kwenye bari 1.4 za oksijeni. Kwa hewa ya kawaida kiasi hicho kinafikiwa kwenye metre 56 ao 57 za bahari. Ikizidi, mtu anaweza kushikwa na degedege chini ya maji, na degedege majini ni kuzama.

Hewa iliyobaki. Kompyuta zingine zimeunganishwa na chupa na zinalia hewa inapofika bari 50. Chupa ya litre 12 iliyojazwa bari 200 ina litre 2.400 za hewa. Mtu anayevuta litre 20 kwa dakika juu ya maji atavuta litre 60 kwenye metre 20. Akiacha bari 50 za akiba, ana dakika 30. Akiogopa ao akifanya kazi ngumu, dakika hizo zinaweza kupungua hata nusu.

Kifaa kufungwa. Mzamiaji akidharau dari ao akipanda vibaya sana, kompyuta mingi zinakataa kuhesabu tena kwa masaa 24 ao 48, kufuatana na kampuni. Wengine wanaionaka kama kifaa kimeharibika, wanaazima cha rafiki na kurudi majini. Ni kosa kubwa. Kompyuta ya rafiki haijui azoti iliyo katika mwili wa mwingine. Kila mzamiaji na kompyuta yake, kutoka mzamio wa kwanza mpaka wa mwisho.

Jambo moja zaidi juu ya milio yote: chini ya maji sauti inakimbia zaidi ya mara 4 kuliko hewani, na sikio haliwezi kujua inatoka wapi. Wazamiaji wawili wakiwa pamoja, kila mmoja anafikiri ni kifaa cha mwenzake kinalia. Kwa hiyo kila mlio, kila mtu anaangalia mkono wake mwenyewe.

Mfano wa Likoni

Tarehe 29 Septemba 2019, huko Mombasa, motokaa iliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na kuzama na mama na mtoto wake wa kike. Watu walisimama pwani siku baada ya siku wakilalamika. Motokaa ilipatikana karibu metre 58 chini, na ilitolewa tarehe 11 Oktoba.

Kwa hesabu za hapo juu mtu anaelewa kwa nini. Kwenye metre 58 presio ni karibu bari 6.8. Oksijeni imekwisha kupita bari 1.4. Chupa ile ya litre 12 ingeisha kwa dakika 17 ao 18, bila kuacha akiba hata kidogo. Kupanda peke yake, kwa metre 9 kwa dakika, ni zaidi ya dakika 6, na bado kuna kusimama kwa lazima. Dakika za kutafuta zinazobaki ni chache sana, na maji yana giza na mkondo. Timu inayokataa kushuka bila vifaa vya kina hicho haijakosa moyo: inakataa kuongeza maiti.

Maziwa yetu yako juu

Jedwali za kawaida zilitengenezwa kwa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 773 juu ya bahari, na presio ya hewa pale ni kama bari 0.92. Ziwa Moero, kule Pweto na Kilwa, liko juu zaidi, karibu metre 920. Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460, na hewa yake ni kama bari 0.85 tu.

Hesabu inabadilika. Baharini mtu anashuka metre 10 ndipo presio iwe mara mbili ya ile ya juu. Katika ziwa Kivu hazifiki hata metre 9. Kinachofanya povu ni tofauti kati ya presio ya chini na ile ya juu, kwa hiyo mzamio wa metre 20 katika Kivu unahesabiwa kama wa metre 23 ao 24 baharini. Dakika zinapungua, na mtu anayefuata jedwali la bahari anajidanganya.

Kompyuta zingine zinapima presio ya hewa zenyewe zikiwashwa. Zingine zinangoja mtu aziambie. Kwa mfano, kompyuta mingi za Suunto zina ngazi tatu: ya kwanza mpaka metre 300, ya pili kutoka 300 mpaka 1.500, ya tatu kutoka 1.500 mpaka 3.000. Kifaa kilichonunuliwa pwani na kubaki kwenye ngazi ya kwanza kitamwonyesha mzamiaji wa Kalemie dakika nyingi kuliko zile anazo kweli. Hakitalia, na kukosa kulia si ruhusa. Ngazi ni jambo la kwanza la kuangalia kabla ya kuingia majini. La pili ni aina ya maji: maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko ya ziwa, kwa hiyo kifaa kilichowekwa kwa bahari kinaonyesha kina pungufu kwa karibu 3%.

Kurudi Lubumbashi

Kompyuta ina alama nyingine ambayo watu wengi hawaiangalii kwa sababu inakuja wakati kazi imekwisha: picha ndogo ya avio na masaa. Maana yake: usipande angani bado.

Ndani ya avio ya abiria presio inashushwa mpaka ile ya mlima wa metre 1.800 mpaka 2.400. Kwa mwili wenye azoti, ni sawa na kuendelea kupanda kutoka majini. Shirika la Divers Alert Network, ambalo lina tawi lake Afrika ya Kusini, linashauri masaa 12 ya kungoja baada ya mzamio mmoja usio na kusimama kwa lazima, masaa 18 baada ya mizamio ya mara kadhaa ao ya siku mfululizo, na zaidi sana ya masaa 18 kama kulikuwa kusimama kwa lazima. Mtu aliyezamia Kalemie asubuhi asikate tiketi ya avio ya mchana ya Lubumbashi.

Barabara nayo ni mlima. Shauri lile la kungoja linahusu pia kupanda kwa motokaa. Lubumbashi iko zaidi ya metre 1.200 juu ya bahari, tofauti ya metre 400 na zaidi kutoka Kalemie. Kutoka Moba bandarini kupanda Kirungu, ao kutoka Uvira kwenda Bukavu kwa njia ya Ngomo, mtu anapanda metre mamia ndani ya masaa machache. Motokaa haina alama ya kumzuia. Ni yeye mwenyewe anapaswa kukumbuka.

Mambo ambayo kompyuta haiyajui

Kompyuta inahesabu mwili wa mtu wa wastani. Haijui kama mzamiaji amelala vibaya, amekunywa pombe jana, hana maji ya kutosha mwilini, ni mnene, ao ana umri mkubwa. Haijui kama alifanya kazi nzito chini ya maji. Watu wengine wameshikwa na ugonjwa huu bila mlio hata mmoja.

Haijui pia hewa chafu. Kama komprese iliyojaza chupa ilivuta moshi wa motere, mzamiaji anashuka na sumu ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na hakuna alama itakayomwambia. Kandokando ya ziwa Kivu kuna pia mazuku, gazi karboniki inayokaa kwenye mabonde na hata pembeni ya maji. Inaua kabla mtu hajazama, na kompyuta haiipimi. Wala haijui mamba, kiboko, kamba za nyavu, ao kichocho.

Wale wasio na kompyuta

Wakongo wengi wanaozamia hawajawahi kuona kompyuta. Ni wale wa kwenye madrage: wanaotafuta dhahabu katika mito kama Ulindi, teritware ya Shabunda, na almasi huko Kasai upande wa Tshikapa. Mtu anashuka na mpira mdomoni, komprese inapiga hewa juu ya mtumbwi, naye anashika bomba la kunyonya mchanga. Hana chupa, kwa hiyo hakuna hewa inayoisha kumlazimisha kupanda. Anaweza kukaa masaa. Ndiyo maana hatari ya azoti inakuwa kubwa hata pale kina si kirefu sana.

Kwa mtu huyo sheria chache zinaweza kufanya kazi ya mlio, ijapokuwa hazilingani na kifaa. Kamba yenye fundo kila metre moja inapima kina. Mtu mmoja juu anashika saa na hafanyi kazi nyingine. Kupanda kunafuata kamba, bila kupita mapovu madogo ya hewa yanayotoka mdomoni, na kusimama dakika 5 kwenye fundo la tano. Mdomo wa komprese unaovuta hewa unawekwa mbali na moshi, upande upepo unatokea. Mafuta yanaangaliwa kabla ya kila mtu kushuka, kwa sababu motere ikizima, hewa inakatika.

Mtu akishikwa

Dalili nyingi zinaonekana ndani ya masaa 24, mara mingi katika masaa ya kwanza: maumivu ya bega, kiwiko ao goti, ganzi, miguu kulegea, kizunguzungu, madoa kwenye ngozi, uchovu usio wa kawaida, kushindwa kukojoa. Wengi wanasemaka ni malaria ao ni kazi nzito, ao wanatafuta nani amewaroga. Masaa yanapita, na masaa ndiyo yanaharibu uti wa mgongo.

Mgonjwa alazwe chali. Apewe oksijeni safi kwa wingi unaopatikana, hata kama maumivu yamepungua. Kama ana akili timamu, apewe maji ya kunywa. Asirudishwe majini "kutibu" ugonjwa, asikandwe kwa nguvu, asipandishwe mlimani kama kuna njia nyingine. Munganga aambiwe wazi: alizamia, kina gani, dakika ngapi, alipanda namna gani. Kompyuta ipelekwe pamoja naye, kwa sababu imehifadhi mzamio wote. Dawa yenyewe ni chumba cha presio, ambamo mgonjwa anarudishwa kwenye presio ya metre 18 huku akivuta oksijeni, kwa karibu masaa 5. Hospitali za kawaida hazina chumba hicho. Timu inayozamia mbali nacho inapaswa kuandika mbele, kabla ya siku ya kazi, chupa ya oksijeni iko wapi, nani atapigiwa simu, na mgonjwa atapita njia gani.